Aliyesoma Akaenda Shambani

Mwezi Machi mwaka huu, kijana mmoja ninayefanya naye kazi hapa Kisumu alikaa siku mbili nzima akipambana na hitilafu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaitatua miaka mingi iliyopita. Tunatunza programu ya hesabu ya chama kimoja cha wachuuzi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, upande wa Bondo, na mweka hazina wao alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba hesabu za Jumatatu zinazidi fedha alizozipokea siku hiyo, ilhali za Jumanne zinapungua kwa kiasi kile kile. Jambo lililomchanganya zaidi kijana huyu ni kwamba kosa halikuwapo wakati wote. Lilionekana kwa wiki mbili hivi, likatoweka, kisha likarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

"Jaduong', hii kitu ina jini," aliniambia jioni ya siku ya pili, akiniita mzee kwa Kijaluo, macho yamemwiva.

Haikuwa na jini. Ilikuwa na mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa zinazoelea juu ya maji ili kuwavuta, na taa hizo hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika mwezi ukiwa mpevu na kurudi ziwani giza linapoingia. Katika majuma ya giza, wachuuzi wa chama hiki hutuma kwa simu malipo ya kushikilia mzigo usiku wa manane, boti zikiwa bado majini. Seva yetu iko Ulaya na saa yake imewekwa kufuata saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mama aliyelipa saa nane usiku, Jumanne ikiwa imeshaingia, aliandikwa na seva kwamba amelipa Jumatatu saa tano usiku. Malipo yote yaliyofanywa kati ya saa sita na saa tisa usiku yalikuwa yakirudishwa nyuma siku moja. Mwezi ukipevuka hakuna anayelipa saa hizo, na hitilafu nayo hujilalia.

Dawa yake si ngumu. Unaacha hifadhidata itunze wakati kwa saa ya kimataifa, kisha unapotoa ripoti unaubadilisha kwa jina la eneo, yaani Africa/Nairobi, badala ya kuikata tarehe kama ilivyo. Ni mstari mmoja wa msimbo. Kilichonishughulisha zaidi ni namna kijana alivyoufikia mstari huo. Baada ya kusoma maelezo ya Kiingereza mpaka akachoka, aliandika swali lake katika injini ya kutafuta kwa Kiswahili, kwa kukata tamaa tu: kwa nini malipo ya usiku yanaandikwa tarehe ya jana. Kikajitokeza kiungo kimoja chenye maana. Alikifungua, akasoma mpaka chini, akageuka na kunitazama kwa namna ambayo sikuielewa mara moja. Yalikuwa makala niliyoyaandika katika blogu yangu mwaka 2012, wakati nilipokuwa nikishughulika na tiketi za mabasi ya usiku ya kwenda Nairobi, nami nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yapo.

Ningependa kusema kwamba makala hayo yalitokea juu kwa sababu ya ubora wake. Ukweli ni kwamba hayakuwa na mshindani. Katika Kiingereza kuna maelfu ya watu walioeleza jambo hilo, wengi wao vizuri kuliko mimi, lakini mtu anayeuliza kwa maneno ya saa nane usiku na tarehe ya jana alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo hainifurahishi. Mwaka 2019 nililieleza jambo lile lile upya, kwa urefu na kwa mifano, katika kundi la WhatsApp la wasanidi programu wa hapa mjini. Nakumbuka nilishukuriwa sana. Vidole gumba vilijipanga kama askari wa gwaride. Kijana wangu yumo katika kundi hilo, ila alijiunga baadaye, na aliyejiunga baadaye haoni yaliyopita. Mimi niliyeandika siwezi kuyapata tena, kwa kuwa simu niliyoitumia ilitumbukia ziwani pale Dunga siku niliyojifanya najua kupiga makasia, na nakala rudufu sikuwa nimeweka. Watu zaidi ya mia moja waliyasoma maelezo yale ndani ya saa moja, na leo hayapo popote. Yale ya 2012 hayakupata hata maoni moja, na miaka yote hii yamekaa yakimsubiri mtu mwenye shida.

Katika kazi yetu tuna mazoea ya kuhesabu uvumbuzi kwa ukubwa wa msimbo wake. Kwa kipimo hicho, anwani ya kudumu ya makala si kitu. Ni tungo fupi ya herufi inayoelekeza mahali pamoja leo na kesho. Lakini ukiniuliza ni kipi hasa kilichoifanya blogu iwe blogu, nitakutajia hicho kabla ya kitu kingine chochote. Jina la blogu lina umri mdogo. Jorn Barger, Mmarekani, alianza kutumia neno "weblog" mnamo Desemba 1997 kwa orodha ya viungo alivyokuwa akivikusanya, na mwaka 1999 Peter Merholz akalikata kwa mzaha likabaki "blog". Mwaka huo huo wa 1999 kampuni ndogo ya Pyra Labs ikatoa Blogger, huduma ya kutengenezea blogu, ambayo Google iliinunua Februari 2003, na Mei 2003 ikaja WordPress, programu ya kazi hiyo hiyo. Kwa Kiswahili, Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa waliotangulia, na blogu yake ya Jikomboe iliwaonyesha wengi wetu kwamba lugha hii inaweza kubishana mtandaoni bila kuazima suti.

Mimi niliingia mwaka 2009, mwaka ambao nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, ingawa kwangu mimi mwanafunzi intaneti iliendelea kuwa ile ya saiba, shilingi moja kwa dakika, jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye saa ya ukutani. Niliandika makala nyumbani kwa kalamu, nikayahariri kwa kalamu, kisha nikaenda kuyachapa kwa haraka. Sijawahi tena kuandika kwa unadhifu kama ule. Kila neno lilikuwa na bei yake.

Blogu ile ya kwanza ilikufa. Kampuni niliyokuwa nikiilipa initunzie tovuti ilifunga shughuli zake, na kwa kuwa barua ya onyo ilitumwa kwenye anwani niliyokuwa nimeacha kuitumia, niligundua siku ambayo hapakuwa tena na kitu cha kuokoa. Karibu nusu ya makala niliyapata katika Internet Archive, ile hifadhi iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambayo hupita ikipiga picha kurasa za dunia nzima bila kumuuliza mtu. Nusu nyingine imekwenda. Kwa hiyo ninaposifu blogu kwa kutunza kumbukumbu, naomba nieleweke kwamba sisifu jina lake. Blogu iliyo katika mashine ya mtu mwingine, bila nakala mkononi mwako, ina uhai ule ule wa ujumbe wa WhatsApp, ila huchelewa kufa. Siku hizi makala yangu yote ni faili za maandishi matupu katika kompyuta yangu, na programu ndogo huzigeuza kuwa kurasa na kuzipeleka kwenye seva. Seva ikifa, nitahamia nyingine jioni hiyo hiyo, kikoa changu, yaani jina la tovuti, kikiwa kile kile.

Nikija kwenye mitandao ya kijamii: sina ugomvi na ufupi wake. Ufupi una asili inayoeleweka, hata ya kuchekesha kwa mtu wa kazi yetu. Ujumbe mfupi wa simu ulipewa baiti 140, yaani biti 1,120, na ukitumia biti 7 kwa kila herufi unapata herufi 160. Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilitegemea ujumbe huo, ikatenga herufi 20 kwa ajili ya jina la mwandishi, zikabaki 140, na kikomo hicho kikadumu mpaka Novemba 2017 kilipopandishwa hadi 280, miaka mingi baada ya sababu yake kusahaulika. Kiswahili kilikifaa kikomo kile kuliko watu walivyodhani. Hatutawaandikia: herufi kumi na tano, na sentensi imekamilika, mtenda, wakati, watendewa na ukanushi vyote ndani, Kiingereza kingehitaji maneno sita. Ugomvi wangu, kama nao, ni juu ya mpangilio wa yanayoonyeshwa, na juu ya hilo siwezi kujifanya mtazamaji, kwa sababu niliwahi kuujenga mwenyewe.

Mwaka 2017 niliajiriwa kwa mkataba na mradi mmoja uliotaka programu ya simu kwa wakulima wa mahindi wa Bungoma na Trans Nzoia. Ulikuwa mwaka wa viwavijeshi vamizi, wale walioingia Afrika kutoka Amerika na kuripotiwa upande wetu wa magharibi mapema mwaka huo, na wakulima walikuwa na hofu ya kweli. Tulitengeneza ukurasa ambapo maafisa wa kilimo na wakulima wenyewe wangeweka mabandiko. Mwanzoni niliyapanga kwa tarehe, jipya juu, la zamani chini, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulihakiki kwa macho. Baada ya mwezi mmoja, mwajiri akasema ukurasa umepoa. Akaniomba niweke juu yale ambayo watu wanayapenda.

Niliandika fomula. Laiki moja ilipata alama moja, maoni yakapata tatu, jumla ikagawanywa kwa umri wa bandiko ili vitu vya zamani visikae juu milele. Nilijivunia fomula ile. Ilikuwa fupi, ilifanya kazi haraka hata kwenye seva dhaifu, na takwimu zilipanda siku ile ile.

Wiki iliyofuata afisa mmoja wa kilimo aliweka bandiko zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona pale. Alieleza namna ya kukagua shamba mapema: geuza jani utafute mayai upande wa chini, tazama madirisha madogo meupe ambapo kiwavi mchanga amekwangua jani bila kulitoboa, ukiona vumbi kama la msumeno katikati ya majani machanga, ujue amekua na ameshajificha ndani, mahali ambapo dawa haimfikii kwa urahisi. Alieleza pia kwa nini kukagua mara mbili kwa wiki kunaokoa fedha nyingi kuliko kunyunyizia kwa kubahatisha. Bandiko lile lilipata laiki nne. Siku hiyo hiyo mtu mwingine alimtuhumu mwuza mbegu fulani kwamba anauza mbegu ghushi, mwingine akamtetea, wa tatu akaingiza ukoo wa mtu, na kufikia jioni kulikuwa na maoni zaidi ya mia moja na hamsini. Fomula yangu ilifanya kama nilivyoiagiza. Mbegu ghushi zilikaa kileleni siku nne. Viwavi vilizama mpaka ukurasa wa tatu, na kwa simu yenye bando ya kupimwa, ukurasa wa tatu ni kama Sudan.

Miezi michache baadaye tulikwenda Kimilili kuzungumza na watumiaji. Mzee mmoja alitutolea daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita, ambamo alikuwa amelinakili bandiko la viwavi lote kwa mkono, pamoja na michoro yake mwenyewe ya majani, na akatueleza kwamba alizunguka nalo kwa majirani watano. Usiku ule nilimtafuta katika hifadhidata yetu. Alikuwa amefungua bandiko mara moja, akakaa nalo kwa dakika chache, akatoka, hakubonyeza kitu, na hakurudi kwa muda mrefu. Mfumo wangu ulikuwa umemweka katika kundi la watumiaji waliopotea, na ulikuwa ukimtumia arifa za kumbembeleza arudi aone mabishano.

Nimelifikiria daftari lile zaidi ya nilivyofikiria vitabu vingi nilivyosoma. Mzee yule alikuwa ndiye msomaji bora tuliyewahi kumpata, na kwa vipimo vyetu alikuwa hasara. Aliyesoma akafaidika alifunga simu akaenda shambani; aliyesoma akakasirika alibaki, akaandika, akasubiri kujibiwa, akarudi kuangalia. Chombo kinaweza kuhesabu tu kinachotendeka ndani yake. Ukikiagiza kiongeze kinachohesabika, kitawapendelea waliobaki dhidi ya walioondoka, wala hakihitaji mtu mwovu wa kukiendesha. Kilihitaji tu mtu kama mimi, mwenye tarehe ya mwisho wa kazi na fahari ya fomula fupi. Facebook ilileta mlisho wa habari Septemba 2006 na kitufe cha laiki Februari 2009, na Twitter ikaanza kupanga mabandiko kwa kukadiria yatakayokuvutia mwaka 2016. Bila shaka fomula zao ni kubwa na zimesukwa na watu wenye akili kuniliko. Hata hivyo sijaona ni vipi mojawapo ingemtambua mzee wa Kimilili.

Niliomba turudi kwenye tarehe. Mwajiri alikataa, ila alikubali nafasi moja ya juu ambayo afisa wa kilimo angeweza kubandika kitu kisishuke. Fedha za mradi zilipoisha, seva ilizimwa, na mabandiko yote yakaenda nayo, ya viwavi na ya mbegu. Kwa ninavyojua, nakala pekee iliyobaki ni ile ya daftari.

Hapa najua msomaji mmoja au wawili wataniambia kwamba mimi ni mzee wa blogu anayelilia ujana wake. Basi niseme wazi blogu isichoweza. Mwishoni mwa Desemba 2007, tarehe 30, katika ghasia za baada ya uchaguzi mkuu, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na sisi tuliokuwa hapa Kisumu tulibaki na uvumi, moshi na milio. Siku zile ndipo Ory Okolloh, kupitia blogu yake ya Kenyan Pundit, alipotoa wito kwa watu wa teknolojia watengeneze ramani ya matukio, na ndani ya siku chache Ushahidi ikazaliwa. Wazo lilitoka katika blogu, ndiyo, na lilihitaji mahali pa kuandikwa kwa kirefu na kwa jina la mtu aliyekuwa akiaminiwa na wasomaji wake. Lakini taarifa zenyewe zililetwa na watu wa kawaida kwa ujumbe mfupi na kwa baruapepe. Blogu peke yake isingewafikia. David Kobia, mmoja wa waliouandika msimbo wa Ushahidi, majuma hayo hayo alilazimika kulifunga jukwaa lake la mijadala la Mashada kwa sababu ya wingi wa matusi ya kikabila. Mtu ni yule yule, ujuzi ni ule ule, wasomaji ni Wakenya wale wale. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho kila chombo kilimwomba mtu afanye. Kimoja kilimwuliza umeona nini, wapi, lini. Kingine kilimwachia sanduku tupu na hadhira.

Ndiyo maana ninawaheshimu wasanifu wanaogusa vitufe kwa uangalifu. WhatsApp ilipopunguza mwaka 2019 idadi ya mazungumzo unayoweza kuyasambazia ujumbe kwa mpigo mmoja hadi matano, na Aprili 2020 ikashusha hadi moja kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa sana, haikumnyima mtu yeyote neno. Iliweka jasho kidogo kati ya kidole na umati. Shilingi ya dakika ya saiba ilinifanyia kazi hiyo hiyo.

Blogu ilipitwa vivyo hivyo mwezi Juni 2024. Muswada wa Fedha wa Kenya, ule wa kodi mpya, ulielezwa mitandaoni kifungu kwa kifungu na vijana ambao hakuna aliyewaagiza, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, na ulienea kwa kasi ambayo blogu zote za nchi hii zikiunganishwa zisingeifikia. Tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Nilijifunza mengi katika majuma yale. Nikitaka leo kumwonyesha mtu ufafanuzi fulani niliousoma, nabaki kusema kwamba kulikuwa na binti mmoja aliyeeleza vizuri sana.

Kuna kikwazo kingine ambacho wenzangu wanaoishi kwa intaneti ya ofisi hukisahau. Wasomaji wangu wengi hununua bando ya WhatsApp pekee. Nikiweka kiungo cha blogu katika kundi, wanakiona lakini hawawezi kukifungua bila kununua bando nyingine, na ni utovu wa adabu kumpigia mtu hodi kisha umwambie mlango uko upande wa pili wa mji, nauli ni yake. Nilichukua muda mrefu mno kulielewa hilo. Nilidhani hawapendi kusoma.

Kwa hiyo siku hizi naandika kwanza katika blogu, kwa anwani na tarehe, kisha nachukua maandishi yote, si dondoo, nayabandika katika kundi, na anwani naiweka chini kwa atakayeihitaji baadaye. Mlisho wa RSS, ule unaompelekea msomaji makala mapya bila yeye kuja kuyatafuta, nauacha wazi pia, ingawa tangu Google Reader, programu ya kusomea milisho hiyo, ifungwe tarehe 1 Julai 2013 wanaoutumia miongoni mwa marafiki zangu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Vihesabio vya wageni nilivitoa katika kurasa zangu zote. Sikufanya hivyo kwa ushujaa, nilijijua. Mtu aliyewahi kuandika fomula ile hawezi kuaminiwa kukaa na namba karibu na kalamu. Namba pekee ninayoiona ni ile ya seva, inayonieleza kurasa ngapi zimetolewa kwa mwezi, nami huitazama ninapolipa bili.

Kijana wangu sikumlazimisha aandike. Nilimwambia tu kwamba makala yangu ya 2012 yanataja toleo la lugha ya programu ambalo limeshapitwa, na kwamba atakayepotea tena katika jambo hili, pengine ni yeye mwenyewe miaka kumi ijayo. Alinuna kidogo. "Omera, andika kama unavyonieleza mimi," nilimwambia, na baada ya juma moja alinionyesha rasimu ambayo ilianza na mwezi, si na seva. Nilimshauri abadilishe neno moja tu. Tuliiweka katika blogu yangu kwa jina lake, kwa kuwa yeye bado hana kikoa, na katika kundi la WhatsApp ilipokewa kwa vidole gumba vitatu na kibandiko cha paka.

Mwezi wa Mei ilikuja baruapepe kutoka Mwanza. Mwandishi wake anatunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa, ndilo jina lao la omena, na alikuwa na hitilafu ile ile yenye kufuata mwezi. Alikuwa ameirekebisha kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam, jambo ambalo ni sawa kabisa, kwa sababu katika hifadhidata ya majira jina hilo ni lakabu tu ya Africa/Nairobi. Lakini sasa ana tatizo jipya. Wenye mitumbwi wake hawakubali kwamba siku inaanza saa sita usiku. Kwao boti iliyotoka Jumatatu baada ya magharibi imetoka usiku wa Jumanne, na mavuno yake yote, hata yale ya saa tatu usiku, wanataka yaandikwe Jumanne. Wanunuzi wao, wanaofuata tarehe ya simu, wanasema hapana. Anauliza tarehe sahihi ni ipi.

Nimemjibu kwamba sijui, na kwamba kijana wangu amejifungia na jambo hilo tangu jana. Makala yatakuwa tayari kabla ya giza lijalo.